Kumpeleka mgonjwa Dar kutoka mkoani: basi, SGR, ndege, gari la kukodi au ambulensi?

Barua ya rufaa imeshatoka, tarehe ya kliniki Muhimbili au hospitali ya saratani ya Ocean Road imeshaandikwa, na mgonjwa hayuko katika hali ya dharura. Hapo ndipo kikao cha familia kinapoanza kuvutana. Mmoja anasema basi la usiku, mwingine anasema ndege, mjomba aliyeko Dar anataka ambulensi, na anayeshika hela anauliza bei kabla ya kuuliza mgonjwa anaweza kukaa kwa muda gani.

Makala haya ni kwa ajili ya kikao hicho. Mfano mkuu ni safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam, takribani kilomita 1,150 kwa barabara. Wa Mbeya, Kigoma, Bukoba au Songea watabadilisha majina ya vituo, lakini hesabu ni ileile.

Mambo mawili kwanza. Hapa sizungumzii dharura. Mjamzito, aliyetoka kujifungua au kichanga aliyezidiwa ana mfumo wake wa usafiri wa dharura, m-mama, namba 115, bila malipo. Pili, muulizeni daktari aliyeandika rufaa kama lazima iwe Dar. Mionzi ya saratani inatolewa pia Bugando, Mwanza, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018. Swali hilo moja linaweza kumpunguzia mgonjwa mamia ya kilomita, na hakuna daktari mwema atakayelichukia.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni mwili. Je, mgonjwa anaweza kukaa wima saa nne mfululizo? Akilala chali anapumua vizuri? Anakwenda chooni mwenyewe, anavaa pampasi, au ana mpira wa mkojo? Asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo atafika na kidonda kwenye makalio au mgongoni. Na mgonjwa wa moyo anayekosa pumzi akilala hatakiwi kulazwa chali kwenye machela eti kwa sababu ndiyo "usafiri wa wagonjwa". Yeye anahitaji kuinuliwa kichwa na mgongo.

Cha pili ni idadi ya kuhamishwa, na mimi ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Watu wengi huhesabu saa za barabarani au za angani tu. Hesabu kitanda hadi kitanda: kutoka kitandani hadi teksi, teksi hadi kituo, kituo hadi siti, siti hadi teksi nyingine, teksi hadi mapokezi. Kwa mwenye mfupa uliovunjika, mshono mbichi au saratani iliyofika kwenye uti wa mgongo, kuinuliwa mara sita kunaweza kuumiza kuliko saa sita za kutulia.

Cha tatu ni oksijeni. Hapa msikadirie kwa macho. Mtungi mdogo wa saizi E ukijaa una lita 680 hivi. Mgonjwa anayetumia lita 2 kwa dakika ataumaliza kwa saa 5 na dakika 40. Safari ya saa 18 kwa kiwango hicho inakula lita 2,160. Ongeza nusu yake kwa ajili ya foleni, pancha na kusubiri mapokezi, utafika lita 3,240. Huo ni karibu mtungi mzima wa saizi G, wenye lita 3,400. Fanyeni hesabu hii kwenye karatasi mbele ya nesi, mkiandika kiwango ambacho daktari ameagiza.

Cha nne ni msaada hali ikibadilika njiani, na cha tano ni gharama nzima, pamoja na msindikizaji, teksi za pande zote mbili, chakula na malazi.

Basi

*Mwili.* Mwanza hadi Dar ni saa 16 hadi 20 za kukaa. Siti hulala kidogo tu, hata kwenye luksari. Chukueni siti zilizo kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kunakorusha zaidi na kwenye mabasi mengi ndiko joto la injini liliko. Nunueni siti mbili za mgonjwa mkiweza, ya tatu ya msindikizaji. Choo ndicho tatizo kubwa. Kuchimba dawa porini ni jambo dogo kwa mzima, ila mama wa miaka sabini mwenye magoti mabovu atajizuia kunywa maji tangu asubuhi ili asisumbue watu. Asiyekunywa maji na akakaa bila kutembea yuko kwenye hatari ya damu kuganda miguuni, na mwenye selimundu anaweza kuingia kwenye maumivu makali. Kiyoyozi cha usiku nacho kina baridi, kwa hiyo mwenye selimundu aende na blanketi.

*Kuhamishwa.* Si chini ya mara nne, pamoja na ngazi za mlangoni ambazo ni ndefu na nyembamba. Upande wa Dar basi linaishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Anayekwenda Mloganzila, tawi la Muhimbili, hapo amekaribia kabisa. Anayekwenda Muhimbili ya Upanga au Ocean Road bado ana safari ya kukatiza jiji.

*Oksijeni.* Basi halifai kwa anayeitegemea. Mtungi usiofungwa vizuri ni hatari kwa abiria wote, na kuuficha kwenye buti ni kosa kubwa zaidi.

*Msaada.* Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Usiku kuna utulivu kidogo, ila hali ikibadilika saa nane za usiku katikati ya pori, mmebaki na kondakta. Mwambieni mapema kwamba mna mgonjwa. Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro zote zina hospitali za rufaa za mkoa, na mnaweza kuteremka huko.

*Gharama.* Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, hata mkinunua siti tatu.

*Linamfaa* anayetembea, anayeenda chooni mwenyewe na anayekwenda kliniki ya kawaida. Halimfai mwenye mshono mbichi, mwenye maumivu ya mifupa, wala mwenye kifua kikuu ambacho bado kinaambukiza. Huyo wa mwisho aanze dawa kwanza, asafiri daktari akiridhia.

Barabara hadi Dodoma, kisha SGR

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma Julai 2024, na imebadilisha hesabu kwa watu wa Kanda ya Ziwa, Singida na Tabora. Barabara inabaki karibu kilomita 700 kutoka Mwanza, halafu kipande cha mwisho kinakwenda kwa saa tatu na nusu hadi nne hivi.

*Mwili.* Treni haina matuta wala breki za ghafla. Mgonjwa anaweza kusimama, kunyoosha miguu na kutumia choo bila kuomba basi lisimame. Bado ni kukaa, si kulala.

*Kuhamishwa.* Hapa ndipo njia hii inapopoteza alama, maana mnaongeza kushuka Dodoma na kupanda tena, na kituo kinataka abiria wafike mapema na vitambulisho mkononi. Ila upande wa Dar stesheni iko katikati ya jiji, karibu na Ocean Road na si mbali na Upanga. Mgonjwa wa saratani anayefuata mionzi anapona foleni yote ya Barabara ya Morogoro.

*Oksijeni.* Msifike stesheni na mtungi bila kuzungumza na Shirika la Reli kabla ya kukata tiketi. Anayehitaji oksijeni muda wote asipangiwe njia hii.

*Msaada.* Faida isiyosemwa sana ni kulala Dodoma. Safari inakatwa vipande viwili, na mji una hospitali kubwa. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki anaweza kusafiri kesho yake baada ya kusafishwa, na familia ikazungumza mapema na Benjamin Mkapa endapo ratiba itabana. Treni nayo imewahi kusimama njiani kwa hitilafu ya umeme, kwa hiyo dawa na maji vikae kwenye mkoba wa mkononi.

*Gharama.* Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida Dar–Dodoma ilikuwa shilingi 31,000. Ongeza nauli ya barabara na chumba cha kulala Dodoma.

*Inamfaa* anayekaa bila shida lakini anachoka haraka, na anayelazimika kwenda Dar mara kwa mara. Kwa mgonjwa wa Mbeya au Songea haina maana kuizungukia.

Ndege ya abiria

*Mwili.* Mwanza hadi Dar ni kama saa moja na nusu, na hilo pekee linatosha kuwavutia watu. Lakini hewa ya ndani ya ndege angani ni nyepesi, sawa na kusimama mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kuliko Mbeya mjini. Mzima hahisi kitu. Mwenye mapafu mabovu, moyo uliochoka au damu iliyoshuka sana anahisi. Hewa iliyonaswa mwilini pia hutanuka huko juu: mwenye hewa kifuani nje ya pafu haruki hadi iishe na daktari aridhie, na aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo au kifua kwa kawaida husubiri takribani siku kumi. Aliyefungwa POP ngumu, yaani plasta ya mfupa, asiruke ndani ya saa 48 bila daktari kuikagua, maana mguu unaweza kuvimba ndani yake.

*Kuhamishwa.* Uwanjani hakuna njia ya mkato. Viwanja vya mikoani abiria hupanda kwa ngazi, na ndege za pangaboi kama Q400 au ATR zina ngazi fupi lakini nyembamba. Wakati wa kukata tiketi semeni wazi ni msaada upi mnaohitaji, kwa sababu mashirika ya ndege yana aina tatu. WCHR ni anayepanda ngazi lakini hawezi umbali. WCHS ni asiyeweza ngazi lakini anafika kwenye siti akishuka kwenye kiti. WCHC ni anayebebwa hadi kwenye siti. Mkisema tu "tunaomba wheelchair", mnaweza kukuta kiti kinaishia chini ya ngazi na wana wawili wanambeba baba yao kwa mikono mbele ya abiria. Ni fedheha ambayo herufi nne zingeizuia.

*Oksijeni.* Mtungi wenu wenyewe kwa kawaida haukubaliwi. Shirika hutaka fomu ya afya iliyojazwa na daktari na kupokelewa siku kadhaa kabla, na ndilo linaloamua kama oksijeni au mashine ya betri itaruhusiwa. Machela ndani ya ndege ya abiria hula siti kadhaa, na si kila ndege inaweza kuifunga.

*Msaada.* Saa chache za hatari, ila ndege ikiahirishwa mnabaki uwanjani na mgonjwa kwenye kiti cha chuma. Chukueni ndege ya asubuhi, ili mchana ubaki kama akiba.

*Gharama.* Tiketi za watu wawili na teksi za pande zote mbili. Usilinganishe na nauli ya basi peke yake. Linganisha na siti tatu za basi, chakula, na siku ambazo mgonjwa atalala akiuguza safari.

*Inamfaa* anayeweza kukaa saa mbili, asiye na shida kubwa ya pumzi, ambaye saa 18 za barabara zitamvunja. Kwa Bukoba na Kigoma tofauti ni kubwa zaidi.

Gari la kukodi

*Mwili.* Noah, Alphard au Hiace inakupa kitu ambacho usafiri wa abiria haukupi: unasimama mgonjwa anapotaka. Familia nyingi hung'oa siti za nyuma na kutandika godoro. Naelewa kwa nini, lakini semeni ukweli mezani: breki moja kali, iwe Mikumi au kwenye kona za Kitonga kwa wa njia ya Mbeya, na asiyefungwa mkanda anarushwa mbele. Bora siti ya mbele au ya kati inayolala nyuma, mkanda umefungwa, mto chini ya magoti, na mto mwingine ubavuni unaohamishwa kila mnaposimama. Asiyeweza kabisa kukaa anahitaji machela yenye mikanda, na hilo ni gari jingine.

*Kuhamishwa.* Mara mbili tu: kitandani hadi garini, garini hadi hospitali. Hakuna njia nyingine ya bei ya wastani inayofikia hapo. Mkimbeba, tumieni shuka imara iliyokunjwa mara mbili, watu wanne, wawili mabegani na wawili nyongani na mapajani, mmoja akihesabu kwa sauti. Msimvute kwapani.

*Oksijeni.* Inawezekana kama mtungi umefungwa usiviringike, dirisha liko wazi kidogo na hakuna anayevuta sigara garini. Lakini nani atasoma geji? Kama hakuna anayejua, mlipieni nesi posho aende nanyi.

*Msaada.* Mnaweza kukata kona kuelekea hospitali yoyote. Hatari kubwa ni dereva. Dereva mmoja kwa kilomita 1,150 bila kulala ni kuhatarisha watu wote waliomo. Wekeni madereva wawili au mlale Singida au Dodoma.

*Gharama.* Kodi ya gari kwa siku, mafuta ya kwenda na kurudi, posho na malazi ya dereva. Wakiwa watatu au wanne wanaosafiri pamoja, pengo kati yake na ndege hupungua sana.

*Linamfaa* mwenye maumivu, anayehitaji choo mara kwa mara, mzee anayechanganyikiwa mbele ya watu wengi, na mtoto mwenye ulemavu.

Ambulensi ya kukodi

*Mwili.* Ndiyo pekee ya barabarani inayomruhusu kulala akiwa amefungwa mikanda. Ila magari mengi ya wagonjwa mikoani ni Land Cruiser zenye springi ngumu, na nyuma hurusha. Mgonjwa mwenye saratani ya mifupa anaweza kuteseka humo kuliko kwenye Alphard. Apewe dawa ya maumivu kabla ya kuondoka, na dozi za njiani ziwe mkononi. Kama ni mofini ya maji, chupa iwe na lebo yake na barua ya daktari.

*Kuhamishwa.* Mara mbili, na kwa watu waliofundishwa kuinua.

*Oksijeni na vifaa.* Hapa ndipo ubora wake ulipo, mradi mhakikishe kabla ya kulipa. Ombeni kuliona gari. Mtungi umejaa, na wa akiba upo? Mashine ya kufyonza makohozi inawaka? Kichwa cha machela kinainuka? Anayekaa nyuma ni nesi mwenye leseni au ni utingo aliyevaa koti jeupe? Ndugu ana siti na mkanda? Gari lenye king'ora na machela matupu ni teksi ya gharama kubwa.

*Msaada.* Mkubwa kuliko njia zote, kama nesi ana maagizo yaliyoandikwa na namba ya simu ya daktari.

*Gharama.* Juu kabisa barabarani, maana kwa kawaida mnalipia gari kwenda na kurudi, hata likirudi tupu. Kama mgonjwa anahamishwa kutoka wodi moja kwenda nyingine, anzeni kwa mganga mfawidhi. Ombeni gari la hospitali, kisha nendeni ofisi ya bima mkaulize usafiri unalipiwa kwa masharti yapi. Jibu lije kwa maandishi.

*Inamfaa* asiyeweza kukaa, anayehitaji oksijeni muda wote, mwenye mpira wa kulishia puani, aliyeumia uti wa mgongo, au anayehitaji kufyonzwa makohozi.

Kwa hali ya mgonjwa wenu

Anatembea mwenyewe na fedha ni chache: basi la mchana, siti za kati, na kufika Dar siku moja kabla ya kliniki.

Anakaa lakini anachoka, anatoka Kanda ya Ziwa, na atarudi Dar mara nyingi kwa mionzi: barabara hadi Dodoma na SGR. Kama daktari amesema mapafu na damu viko sawa na fedha ipo: ndege, fomu ikijazwa wiki moja kabla.

Maumivu ni makali au choo ni cha mara kwa mara, ila anaweza kuegemea siti: gari la kukodi, madereva wawili.

Ana oksijeni ya kudumu au hawezi kuketi: ambulensi iliyokaguliwa. Kama barabara yenyewe ni ndefu kuliko anavyoweza kuvumilia, mwambieni daktari azungumzie ndege ya wagonjwa na hospitali inayompokea. Amref Flying Doctors wa Nairobi hufanya kazi hiyo katika ukanda huu wote. Gharama yake ni kubwa mno kwa familia nyingi, hivyo bima iulizwe kwanza.

Wodi ya kupokea haijathibitisha kitanda: msiondoke, kwa usafiri wowote. Pateni jina la wodi na la anayempokea, na bahasha moja iwe na barua ya rufaa, muhtasari wa matibabu, CD za picha, kadi ya bima na kitambulisho. Bahasha hiyo akae nayo msindikizaji, isiwekwe kwenye begi la buti.

Na mnapopanga kurudi, anzeni upya kwenye vigezo. Aliyekwenda Dar kwa basi akakatwa tumbo anarudi akiwa mgonjwa wa aina nyingine. Muulizeni daktari wa Dar siku ya kuruhusiwa, kabla karatasi haijasainiwa: anaweza kukaa saa ngapi, kuanzia lini, na kwa usafiri gani.